Wakili wa Kapenguria: Fitz de Souza na Siasa za Watu Wote

Mhadhara uliotolewa mbele ya wakazi wa mtaa wa Asiatique, Bujumbura

  

Nimeombwa nizungumzie wanasheria wa Afrika Mashariki walioacha joho la mahakamani wakaingia katika siasa. Ningeweza kuwaletea majina mnayoyajua vizuri. Nimeacha hayo nikamchukua Fitz de Souza, Mgoa wa Kenya, wakili, mbunge, na kwa miaka kadhaa Naibu Spika wa Bunge la nchi yake. Alifariki Machi 2020. Hapa Bujumbura wachache wamemsikia, na hata Nairobi vijana wengi hupita karibu na Bunge bila kujua kwamba aliwahi kukalia kiti kile.

Nimemchagua kwa sababu ya mahali tulipo. Wabelgiji walipoupanga mji huu, wakati huo ukiitwa Usumbura, Wazungu waliwekwa Rohero kwenye mwinuko wenye upepo, Waafrika wakawekwa Buyenzi na Bwiza, na katikati yao, jirani na soko, wakawekwa wafanyabiashara wa Kihindi na wa Kiarabu. Ndiyo chanzo cha mtaa huu. Waingereza waliichora Nairobi kwa mkono unaofanana: Wazungu magharibi penye baridi, Wahindi Ngara na Parklands, Waafrika Pumwani na mitaa ya mashariki. Mtu wa katikati aliwauzia watu wa pande zote mbili, na pande zote mbili hazikumwamini. Aliruhusiwa kutajirika kiasi. Kuwa na kauli kuhusu nchi inavyotawaliwa lilikuwa jambo lingine, na kila alipodai kauli hiyo aliambiwa azungumze kwa niaba ya watu wa mtaa wake peke yao.

De Souza alikataa sharti hilo. Nataka tuone alivyolikataa, alilolipata, na alilolipoteza.

Alizaliwa Bombay mwaka 1929, utoto wake ukapitia Zanzibar, kisha familia ikahamia Kenya. Wagoa wa wakati ule walikuwa watu wa pekee. Goa ilikuwa koloni la Ureno hadi Desemba 1961, kwa hiyo hata Wahindi wenzao waliwahesabu kando. Wengi walikuwa makarani wa serikali na wa reli, Wakatoliki, watu wa hati nzuri na nidhamu, na serikali ya Kiingereza iliwapenda kwa sababu hawakuwa na makelele. Kijana huyu alikwenda London kusomea sheria, akapokewa uwakili huko, na mwaka 1952 akarudi Nairobi. Kwa kila kipimo cha jamaa zake, maisha yalikuwa yamekwisha kumnyookea: afungue ofisi, aandike hati za nyumba na za mikopo, adai madeni ya wenye maduka.

Usiku wa kuamkia tarehe 21 Oktoba 1952, Gavana wa Kenya alitangaza Hali ya Hatari, na polisi wakamkamata Jomo Kenyatta pamoja na viongozi wengine wengi. Sita walipelekwa mahakamani: Kenyatta mwenyewe, Fred Kubai, Bildad Kaggia, Paul Ngei, Achieng Oneko na Kung'u Karumba. Walishtakiwa kwamba waliongoza Mau Mau, chama kilichokuwa kimepigwa marufuku tangu mwaka 1950. Adhabu ya juu kabisa ilikuwa kifungo cha miaka saba.

Naomba mniruhusu nikae kidogo juu ya kesi hiyo, maana ndiyo iliyomgeuza wakili kuwa mwanasiasa.

Serikali haikutaka kesi isikilizwe Nairobi, mbele ya umati wa watu na waandishi wa habari. Ilichagua Kapenguria, mbali kule kaskazini-magharibi, eneo ambalo mtu hakuingia bila kibali. Lakini sheria ilitaka mshtakiwa ashtakiwe mahali alipotenda kosa au mahali alipokamatwa, na Kenyatta hakukamatwa Kapenguria. Basi walimfikisha huko, wakamwachia kwa jina tu, wakamkamata tena papo hapo. Mamlaka ya mahakama yakawa yamepatikana! Mtu asiyejua sheria angesema huo ni mchezo. Aliyesomea sheria anaona jambo la kuogofya zaidi: hawa watu walijua kanuni, na walizitumia kanuni zenyewe kuvunjia haki.

Kesi ilisikilizwa katika chumba cha darasa. Hapakuwa na hoteli, mawakili wa utetezi hawakuwa na simu, wala maktaba ya sheria haikuwapo. Walilala Kitale, mwendo wa kilomita zipatazo 40, wakaenda na kurudi kila siku kwa barabara ya vumbi, tena katika nchi ambayo wakili asiye Mzungu hakupokewa katika hoteli ya Wazungu hata akiwa na joho begani. Hakimu, Ransley Thacker, alikuwa jaji mstaafu aliyerudishwa kazini kwa ajili ya kesi hii moja, na baadaye ilijulikana kwamba alilipwa pauni 20,000 kutoka fedha za serikali.

Tazameni sasa walioketi upande wa utetezi. Kiongozi wao alikuwa D. N. Pritt, Mwingereza, wakili wa ngazi ya juu kabisa kwao. Kutoka Nigeria alikuja H. O. Davies. Kutoka India Waziri Mkuu Nehru alimtuma Chaman Lall. Dudley Thompson, Mjamaika aliyekuwa akifanya uwakili Tanganyika, alikuwamo. Wa Nairobi walikuwa A. R. Kapila, Jaswant Singh na Fitz de Souza, ambaye hakuwa ametimiza hata miaka 24. Nje ya mahakama alikuwapo Mgoa mwingine, Pio Gama Pinto, mwandishi wa habari na mpangaji asiyechoka, aliyehangaika kutafuta mawakili na fedha. Mtaa wa katikati ulikuwa umetoka katikati ukakaa upande mmoja na walioshtakiwa, na kila aliyeingia chumbani mle aliliona hilo kwa macho yake.

Kazi ya wakili kijana katika kesi kubwa haina sifa. Huandika maelezo ya mashahidi neno kwa neno, hutafuta hukumu za zamani zinazofanana, huzungumza na wateja gerezani, huandaa maswali yatakayoulizwa na mkubwa wake. Lakini ndiye anayeifahamu kesi kuliko wote, kwa sababu karatasi zote hupita mikononi mwake. Shahidi mkubwa wa serikali aliitwa Rawson Macharia. Alidai kwamba alimwona Kenyatta akiwalisha watu kiapo cha Mau Mau mwezi Machi 1950. Zingatieni tarehe: wakati huo Mau Mau ilikuwa bado haijapigwa marufuku. Wakili hushika vitu kama hivi. Tarehe 8 Aprili 1953 Thacker alimwamini Macharia, akawahukumu wote sita miaka saba na kazi ngumu.

Miaka mitano baadaye, mwaka 1958, Macharia aliapa kwamba ushahidi wake ulikuwa wa uongo na kwamba alikuwa ameahidiwa masomo ya Uingereza kwa gharama ya serikali. Serikali ikamshtaki kwa kusema uongo katika hati hiyo mpya ya kiapo, akafungwa.

Rufaa nayo ina somo. Mwezi Julai 1953 Mahakama Kuu ya Kenya iliona kwamba Thacker hakuwa na mamlaka ya kusikiliza kesi mahali pale, kwa hiyo kesi nzima ilikuwa batili. Watu wakashangilia. Mahakama ya Rufaa ya Afrika ya Mashariki ikaubatilisha uamuzi huo, na London ikakataa kuusikiliza. Mmoja tu kati ya sita, Achieng Oneko, alishinda rufaa yake. Mahakama ilisema hana hatia. Serikali ikaendelea kumweka kizuizini hadi mwaka 1961.

Tafadhali mkumbuke jina la Oneko. Nitalirudia.

Baada ya Kapenguria, de Souza na wenzake hawakurudi kwenye hati za nyumba. Zilikuja kesi za Mau Mau, mamia kwa mamia. Sheria za Hali ya Hatari ziliongeza makosa ya kunyongwa: kulisha kiapo, kukutwa na silaha au risasi, hata kuandamana na wapiganaji. Mahakama maalumu ziliundwa ili kesi ziende mbio. Hesabu ya walionyongwa inafika 1,090, idadi ambayo sijui dola ya Kiingereza iliifikia wapi pengine katika miaka ile ya mwisho ya utawala wake. Mshtakiwa maskini alipangiwa wakili na serikali kwa malipo kidogo. Mara nyingi wakili huyo alikuwa Mhindi, na mara nyingi alikuwa na siku chache tu, au saa chache, za kuzungumza na mtu ambaye maisha yake yalining'inia. C. M. G. Argwings-Kodhek, wakili Mwafrika wa kwanza Kenya, alipoanza kazi katikati ya miaka hiyo alijiunga na msururu huohuo wa kesi, naye pia akaishia katika siasa.

Hapa ndipo ninapoona jibu la swali ambalo watu huuliza: kwa nini mwanasheria anaingia siasa? Wapo wanaoingia kwa sababu ulimi wao ni mwepesi. De Souza aliingia kwa sababu mahakamani alikuwa ameona ukomo wa sheria. Unaweza kumhoji shahidi hadi akajichanganya mwenyewe, ukathibitisha kwamba mashtaka hayana msingi, ukashinda rufaa kama ya Oneko, na bado mteja wako akalala korokoroni, kwa sababu aliyetunga sheria ndiye anayeshika funguo. Mtu akishaona hivyo mara nyingi, hujua kwamba kesi yake ya kweli iko kule sheria zinakotungwa.

Alipogeukia huko alikuta mlango umefungwa kwa namna ya pekee. Tangu mwaka 1923 serikali ya Kiingereza ilikuwa imekataa dai la Wahindi la daftari moja la wapigakura kwa watu wote wa Kenya. Mzungu alimchagua Mzungu, Mhindi alimchagua Mhindi, na baadaye hata Wahindi wenyewe wakagawanywa, Waislamu kando na wasio Waislamu kando. Utaratibu huo ulikuwa na ladha yake kwa viongozi wa jamii ndogo. Kiti chako kilikuwa salama. Hukuhitaji kumwomba kura mtu wa Murang'a wala wa Kisumu. Ulihitaji kuwafurahisha watu wa mtaa wako, na kuwaogopesha kidogo kuhusu mitaa mingine.

Mwaka 1960 kikaundwa chama cha Kenya Freedom Party. Ndani yake walikuwamo Chanan Singh, aliyeanza kama fundi wa reli akajisomea hadi uwakili na mwishowe ujaji, K. P. Shah, Pinto na de Souza. Walidai uhuru mara moja na daftari moja kwa wote. Chama kikubwa cha KANU kilipofungua milango kwa watu wa rangi zote, walikivunja chama chao wakaingia huko. Naliona tendo hilo kuwa kubwa kuliko linavyosimuliwa. Viongozi wa jamii ndogo wanaovunja chama chao wenyewe kwa hiari ni wachache mno katika historia yetu.

De Souza akaingia katika Baraza la Kutunga Sheria, akashiriki mikutano ya katiba ya Lancaster House kule London. Mikutano hiyo ilikuwa mitatu, 1960, 1962 na 1963, na ilikuwa na mawakili wengi. Thurgood Marshall, aliyeshinda kesi ya shule za Wamarekani weusi na baadaye akawa jaji wa Mahakama Kuu ya Marekani, alikuja mwaka 1960 kuwashauri wajumbe wa Kiafrika, na aliandika rasimu ya haki za binadamu iliyolinda hata mali za walowezi. Kwa uchaguzi wa 1961 viti vya kuchaguliwa na wananchi vilikuwa 53, na 20 kati yake vilitengwa: 10 vya Wazungu, 8 vya Wahindi, 2 vya Waarabu. Ulikuwa mwendo wa nusu. Kufikia uhuru, tarehe 12 Desemba 1963, viti vya kutengwa havikuwapo tena. Mhindi aliyetaka Bunge sasa aliomba kura kama Mkenya mwingine yeyote.

Wako watakaosema: hayo yalikuwa maneno mazuri, lakini Wahindi wa Kenya yaliwafika yapi? Ni swali la haki, na silikwepi. Katiba ya uhuru iliwapa wasio na uraia wa moja kwa moja miaka miwili ya kuuomba. Katika watu wapatao 177,000 waliohesabiwa mwaka 1962, wengi walisitasita wakabaki na pasi za Kiingereza. Mwaka 1967 zikaja sheria mpya za uhamiaji na za leseni za biashara. Asiye raia akajikuta anahitaji kibali cha kufanya kazi ambayo baba yake aliifanya mahali palepale. Mwanzoni mwa 1968 ndege za London zikajaa. Waingereza, kwa kuogopa, wakapitisha sheria ya kuwafungia mlango watu waliokuwa na pasi za Waingereza wenyewe. Ilipita katika Bunge lao kwa siku tatu na ikaanza kutumika tarehe 1 Machi. Familia zikarushwa huku na huko kati ya viwanja vya ndege. Miaka minne baadaye Idi Amin akawapa Wahindi wa Uganda siku 90. Baadhi yenu hapa mnao shangazi na amu waliopita katika siku hizo, na nisingethubutu kuwaeleza mnachokijua kuliko mimi.

Lakini tuseme kweli. Waliokuwa na hofu mwaka 1963 hawakukosea kuona hatari. Walikosea kudhani kwamba kujitenga kungewalinda. Kilichowalinda waliobaki ni uraia, na sauti za watu kama de Souza walioweza kusimama Bungeni wakasema "sisi" bila kuulizwa "nyinyi kina nani?" Haki hiyo waliilipia Kapenguria.

Sasa nifike kwenye sehemu ninayoiona ngumu.

De Souza alikuwa Naibu Spika. Katika mfumo wa Bunge ambao Wakenya waliupokea kutoka kwa Waingereza, Naibu Spika ndiye huongoza Kamati ya Bunge zima, pale mswada unapopitiwa kifungu kwa kifungu. Ni kazi ya mwanasheria hasa: kujua kanuni, kumpa kila mbunge nafasi, kuhakikisha neno moja halikubadilishwa kinyemela. Ni kazi yenye heshima kubwa na sharti moja zito: aliye kitini hachangii hoja. Mtu aliyejenga jina lake kwa kusema kwa niaba ya walionyamazishwa akawekwa mahali ambapo wajibu wake ni kunyamaza.

Tarehe 24 Februari 1965, Pio Gama Pinto aliuawa kwa risasi nje ya nyumba yake Nairobi, ndani ya gari, binti yake mdogo akiwa kiti cha nyuma. Pinto naye alikuwa mbunge wakati huo. Kisilu Mutua alihukumiwa kunyongwa kwa mauaji hayo, adhabu ikageuzwa kifungo, akatoka mwaka 2001. Alisema hadi mwisho kwamba hakuua. Waliopanga hawajawahi kufikishwa mbele ya hakimu. Kwa de Souza hicho hakikuwa kifo cha mbunge mwenzake tu. Ni mtu waliyetoka jamii moja, aliyefungwa kizuizini katika kisiwa cha Manda wakati yeye akiwatetea wengine mahakamani, rafiki yake wa tangu siku za Kapenguria.

Mwaka uliofuata Makamu wa Rais, Oginga Odinga, alijitoa KANU akaunda chama cha KPU. Mwezi Aprili 1966, kwa haraka ya ajabu, katiba ikarekebishwa ili mbunge aliyehama chama alazimike kurudi kwa wapigakura. Mwaka huohuo Bunge likairudishia serikali uwezo wa kumweka mtu kizuizini bila kesi. Miongoni mwa waliohamia KPU walikuwa Bildad Kaggia na Achieng Oneko, washtakiwa wawili wa Kapenguria. Wote wawili walipoteza viti vyao katika uchaguzi mdogo wa Juni. Kaggia alifungwa mwaka 1968 kwa mkutano uliosemekana haukuwa na kibali. Na mwezi Oktoba 1969, baada ya vurugu za Kisumu, KPU ikapigwa marufuku, na Oneko akawekwa kizuizini bila kushtakiwa hadi mwaka 1975.

Hesabuni wenyewe. Mara ya kwanza alifungwa na Gavana wa Kiingereza ingawa mahakama ilisema hana hatia. Mara ya pili alifungwa na mshtakiwa mwenzake, Kenyatta, sasa akiwa Rais, kwa sheria iliyopitishwa na Bunge ambalo Naibu Spika wake alikuwa wakili wao wote wawili.

Sisemi kwamba de Souza alifanya uovu huo. Hakuutunga. Alibaki KANU, akaendelea na kazi yake, na mwishoni mwa muongo ule akaondoka katika siasa, akarudi kwenye uwakili na shughuli zake. Nimefikiri sana juu ya uamuzi huo. Nani hapa angemhukumu mtu aliyezika rafiki yake na ambaye angeweza kuambiwa wakati wowote apande ndege arudi "kwao", mahali asipopajua? Mkikuyu au Mjaluo aliyepinga alifungwa. Mhindi aliyepinga angefukuzwa nchini, na pengine jamii yake yote ingesemwa. Ndiyo namna mtu wa mtaa wa katikati anavyodhibitiwa hata baada ya ramani ya mkoloni kuchanwa: anabaki raia maadamu amekaa kimya.

Hata hivyo nadhani alinyamaza muda mrefu mno. Mahakamani adui wa mteja wako anakaa mbele yako, na ujasiri ni kumkabili. Serikalini adui wa mteja wako anaweza kuwa mtu unayekula naye, uliyempigania, ambaye ushindi wake ni ushindi wako. Ujasiri wa aina hiyo ni mwingine, na chuo cha sheria hakiufundishi. Jaramogi Odinga hakuwa mwanasheria, alikuwa mwalimu na mfanyabiashara, na ndiye aliyesimama. Mawakili wengi wa kizazi kile, si de Souza peke yake, waliona marekebisho ya katiba yakipita na wakajiambia kwamba utaratibu umefuatwa. Ni kweli, utaratibu ulifuatwa. Hata Kapenguria utaratibu ulifuatwa.

Sisi wenyewe tunayo mifano ya mawakili katika historia yetu. D. N. Pritt huyohuyo alirudi Afrika Mashariki mwaka 1958, Dar es Salaam, kumtetea Julius Nyerere aliyeshtakiwa kwa kuwakashifu maofisa wa serikali katika jarida la chama chake cha TANU. Waliosimama naye walikuwa mawakili wawili wa Kihindi, M. N. Rattansey na K. L. Jhaveri. Nyerere alipewa hiari ya kulipa shilingi 3,000 au kwenda jela miezi sita, akalipa. Mtu huyo ndiye aliyeubeba mzigo wa amani ya Burundi tangu 1996 hadi kifo chake Oktoba 1999. Aliyempokea mzigo alikuwa Nelson Mandela, aliyewahi kuwa na ofisi ya uwakili Johannesburg pamoja na Oliver Tambo. Tarehe 28 Agosti 2000 mkataba ulitiwa saini Arusha.

Katika matunda ya mkataba ule mna jambo linalogusa mtaa huu moja kwa moja. Katiba ya 2005 iligawa viti vya Bunge letu: asilimia 60 Wahutu, asilimia 40 Watutsi, na Watwa watatu. Baada ya damu iliyomwagika, mgawo huo ulikuwa na sababu nzito, na mimi ni mmoja wa waliouona ukituliza watu. Lakini mtoto aliyezaliwa hapa Asiatique, raia wa Burundi, ambaye babu yake alitoka Gujarat au Muscat, ataandikwa wapi? Wengi wamejibu swali hilo kwa kutoliuliza. Wameacha siasa, wamebaki na duka. Wengine, hasa jirani zetu wa Buyenzi, walilijibu tangu zamani kwa kuingia moja kwa moja: Prince Louis Rwagasore alipokijenga chama cha UPRONA, Waswahili wa Buyenzi walikuwa nguzo yake, na hakuwauliza asili zao kwanza.

Kenya ilijaribu njia nyingine. Julai 2017 serikali iliwatambua rasmi Wakenya wa asili ya Kiasia kuwa kabila la 44 la nchi. Watu walifurahi, na ninaelewa furaha yao. Baada ya miaka zaidi ya mia moja, ni faraja kuambiwa kwa maandishi kwamba wewe ni mwenyeji. De Souza alikuwa hai bado. Mimi nilipoisoma habari ile nilifikiria chama alichokivunja na wenzake ili watu wasihesabiwe kwa makundi. Daftari moja ndilo walilolipigania, na daftari moja halihitaji orodha ya makabila.

Mwaka 2019, akikaribia miaka 90, alitoa kumbukumbu zake katika kitabu, Forward to Independence. Humo amezungumza. Amesimulia majibizano makali kati ya Pinto na Kenyatta, na hofu aliyokuwa nayo juu ya maisha ya rafiki yake. Wakati huo Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya Kenya ilikuwa imekwisha kuyataja mauaji ya Pinto katika ripoti yake ya 2013, pamoja na ya wanasiasa Tom Mboya na J. M. Kariuki, na ripoti hiyo imekaa kabatini. Wapo waliomlaumu kwamba alingoja hadi Kenyatta, Oneko, Kaggia na karibu wote waliohusika wawe wamekufa. Mimi naona ushahidi wa wakili mzee una thamani hata ukichelewa, maana mtu aliyefundishwa kupima maneno kabla ya kuapa hasemi ovyo. Umeandikwa, umechapwa, una jina lake chini yake. Faili la Pinto likifunguliwa siku moja, aliyekuwa wakili kijana wa Kapenguria atakuwamo kama shahidi.

Nimemaliza yangu. Naona mzee wetu pale mbele ameinua mkono tangu nilipotaja mgawo wa Arusha, basi tuanze naye.